Maswali ya Wasomaji: Herufi za Tovuti Zipimwe kwa Kipimo Gani?

Barua za mwezi huu zimekusanyika kwenye jambo moja: namna ya kupima maandishi ya tovuti ili mwenye macho makali na mwenye macho yaliyochoka wote wayasome bila kuhangaika. Tumechagua saba, tukazifupisha zile ndefu, na tumezipanga ili jibu la mbele lipate nguvu kutoka lile lililotangulia.

SWALI: Mimi ni fundi wa tovuti hapa Mwanza. Nilitengeneza tovuti ya chama cha kuweka na kukopa ambacho wanachama wake wengi ni wastaafu. Maandishi yote niliyapa pikseli 14, na kwangu yanasomeka vizuri. Sasa wazee wanalalamika kwamba herufi ni ndogo. Mmoja wao aliniita nyumbani kwake akanionyesha kwamba kwenye kompyuta yake amebadili mipangilio ya kivinjari ili herufi ziwe kubwa. Tovuti nyingine zinamtii, yangu haimtii. Je, nipandishe kutoka 14 hadi 18?
— Fundi, Mwanza

JIBU: Usipandishe namba kabla hujabadili kipimo. Ukiweka 18 utamridhisha mzee anayetosheka na 18, na utamwacha palepale yule anayehitaji 24. Mwezi ujao utaitwa tena. Pikseli, inapoandikwa kwenye ukubwa wa herufi, ni amri isiyosikiliza matakwa ya msomaji. Kila kivinjari huja na ukubwa wake wa kawaida wa maandishi, ambao kwa vivinjari vikubwa vyote ni pikseli 16, na humruhusu mwenye kompyuta kuubadili mara moja kwa ajili ya tovuti zote. Katika Chrome, kwa mfano, anayechagua herufi kubwa hupewa 20, na anayechagua kubwa sana hupewa 24. Mzee wako alifanya hivyo hasa. Alikiambia kivinjari chake anachotaka, kivinjari kikakubali, halafu faili lako la mitindo likasema 14 na mazungumzo yakaishia hapo.

Kipimo unachokihitaji ni rem. Rem moja ni ukubwa wa herufi uliopewa elementi ya mzizi, yaani html, ile inayobeba ukurasa mzima, na kama hujaugusa ukubwa huo, basi rem moja ni ile 16 ya kawaida, au ni 20 au 24 aliyoichagua msomaji mwenyewe. Kuihamisha tovuti nzima ni hesabu ya kugawanya kwa 16: pikseli 32 za kichwa kikuu zinakuwa 2rem, pikseli 24 za kichwa kidogo zinakuwa 1.5rem, na hizo 14 zako zinakuwa 0.875rem. Hata hivyo, nisingekushauri uzihamishe hizo 14 jinsi zilivyo. Macho ya watu wengi huanza kushindwa kuona vizuri vitu vya karibu wanapoingia miaka ya 40, na wanachama wako wameivuka miaka hiyo zamani; aya ya kawaida isishuke chini ya 1rem. Njia fupi ya kuipata 1rem, kwa bahati nzuri, ni kutoandika chochote, kwa kuwa aya isiyopewa ukubwa hurithi ule aliouchagua msomaji.

Mafundi wengi huing'ang'ania pikseli kwa kuamini kwamba ni nukta halisi ya kioo, na kwa hiyo ni kipimo cha uhakika kuliko vingine. Katika CSS, lugha ya kuandikia mitindo ya tovuti, sivyo. Pikseli ya CSS ni sehemu moja ya 96 ya inchi, na ukubwa wake kwa jicho umefafanuliwa kwa kumfikiria mtu anayetazama kioo chenye nukta 96 kwa inchi akiwa umbali wa urefu wa mkono, ambao umewekwa kuwa inchi 28. Ndiyo maana simu yenye nukta 1080 kwa upana inaweza kuiambia tovuti kwamba ina upana wa pikseli 360 tu: kila pikseli moja inachorwa kwa nukta tatu. Kwa hiyo pikseli nayo ni kipimo cha makadirio, isipokuwa makadirio hayo hufanywa na mtengenezaji wa kifaa, na msomaji hahusishwi.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo ni haki kuitaja. Mtu anaweza kubonyeza Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha, ukurasa wote ukakua, pikseli zikiwamo. Hiyo ni kweli, na ndiyo sababu pikseli leo haina madhara iliyokuwa nayo zama za Internet Explorer 6, ambayo menyu yake ya kukuza maandishi haikuweza kabisa kugusa herufi zilizopimwa kwa pikseli. Kukuza ukurasa mzima kulikuja na toleo la 7, mwaka 2006. Hata mwongozo wa ufikivu, yaani wa kuhakikisha kila mtu anaweza kuitumia tovuti, uliotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, na unaojulikana kwa kifupi cha WCAG, unataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kitu kupotea, na unakubali kwamba ukuzaji wa kivinjari unatosha kulitimiza sharti hilo. Lakini kukuza ukurasa hukuza kila kitu, picha na nafasi tupu pamoja na herufi. Mzee aliyekwisha kusema mara moja kwenye mipangilio yake kwamba anataka herufi kubwa hapaswi kulisema tena kila anapofungua tovuti mpya.

Jambo la mwisho kwako, na hapa ndipo mafundi wengi hukwama baada ya kuhamia rem. Herufi zikikua, visanduku vinavyozibeba lazima vikue nazo. Chukua kitufe kilichoandikwa "Angalia salio la akiba", kilichopewa kimo cha pikseli 40 na upana wa pikseli 160. Kwa msomaji wa 16 kinatosha kabisa. Kwa msomaji wa 24, maneno hayo hayaenei mstari mmoja. Yanashuka mstari wa pili, na kila mstari, ukiwa na kimo cha mara 1.5 ya herufi, unadai pikseli 36. Mistari miwili ni 72 ndani ya kisanduku cha 40. Mzee ataona "Angalia salio", na "la akiba" itamwagikia juu ya kitu kilicho chini yake au itakatwa katikati ya tumbo. Futa kimo hicho, uweke nafasi ya ndani ya kitufe kwa em, kipimo kinachofuata ukubwa wa herufi za kitufe chenyewe, tuseme 0.5em juu na chini na 1em pembeni, kisha uache maneno yenyewe yaamue kitufe kiwe kikubwa kiasi gani. Nimewahi kuyafanya makosa haya kwenye fomu ya usajili, na nilikuja kuyagundua siku nilipojaribu kuijaza kwa kompyuta ya mama mkwe wangu.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, si fundi. Kwenye kompyuta najitahidi, lakini kwenye simu kuna tovuti ambazo nikitanua kwa vidole viwili hazitanuki kabisa, kana kwamba zimegandishwa. Simu yangu ina ubovu?
— Mwalimu, Tanga

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Simu yako ni nzima. Aliyetengeneza tovuti hizo ndiye aliyezigandisha, kwa kuandika juu ya ukurasa wake maneno yanayokiambia kivinjari kisiruhusu kukuza: ama "user-scalable=no", ama "maximum-scale=1". Kama unatumia simu ya Android yenye Chrome, ingia kwenye mipangilio ya Chrome yenyewe, utafute sehemu ya ufikivu, na humo utakuta chaguo la kulazimisha ukuzaji hata pale tovuti inapoukataza. Ukilichagua, vidole vyako vitatiiwa kila mahali. Kwa wenye iPhone, kivinjari cha Safari kimekuwa kikilipuuza katazo hilo tangu iOS 10 ya mwaka 2016.

Naomba nitumie barua ya Mwalimu kuwasemesha mafundi wenzangu, maana najua katazo hilo linatoka wapi. Safari ya iPhone ina tabia ya kuukuza ukurasa yenyewe msomaji anapogusa kisanduku cha kujaza ambacho herufi zake ziko chini ya pikseli 16. Fundi anaona fomu yake inaruka, anakasirika, anafunga ukuzaji wote. Dawa ni ndogo mno kulinganisha na adhabu hiyo. Visanduku vya kujaza havirithi ukubwa wa herufi wa ukurasa. Kivinjari huvipa ukubwa wake, ambao katika Chrome ni pikseli 13 na theluthi. Andika "font: inherit" kwa visanduku, vitufe na orodha za kuchagua, navyo vitachukua 1rem ya aya zako, ukurasa hautaruka, na hutakuwa na sababu ya kumfungia mtu yeyote.

SWALI: Nimefundishwa chuoni kwamba em na rem ni ndugu, tena em ni ya zamani zaidi. Nikatumia 0.8em kwa orodha. Orodha ya kwanza ilikuwa sawa, lakini orodha iliyo ndani yake ilikuwa ndogo, na ya tatu iliyo ndani ya hiyo haisomeki. Nimekosea wapi?
— Mwanafunzi, Eldoret

JIBU: Ni ndugu kweli, ila hawamtazami mtu mmoja. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina, na em, inapotumika kwenye ukubwa wa herufi, hufanya hivyo hivyo: humtazama mzazi wake wa karibu. Rem huwaruka wazazi wote ikaenda kumwuliza mkuu wa ukoo. Orodha yako ya kwanza ilimwuliza mzazi mwenye 16, ikapata 12.8. Ya pili ilimwuliza mzazi mwenye 12.8, ikapata 10.24. Ya tatu ikaambulia 8.192. Hakuna kilichoharibika, kivinjari kimezidisha 0.8 kwa 0.8 kwa 0.8 kama ulivyokiamuru. Kwa kuandika 0.8rem orodha zote tatu zingebaki 12.8, ingawa, kama nilivyomwambia fundi wa Mwanza, huo nao ni udogo usio na sababu. Orodha ni maandishi ya kusomwa kama aya.

Usiitupe em kwa sababu hiyo. Jina lenyewe limetoka kwenye uchapaji wa herufi za risasi, ambako em ilikuwa kipimo kinacholingana na ukubwa wa herufi inayotumika, na kazi yake nzuri hata leo ni ileile: kupima vitu vinavyopaswa kuandamana na herufi zake. Nafasi ya ndani ya kitufe, nafasi kati ya alama ndogo na neno lililo ubavuni mwake, upenyo kati ya herufi na herufi, hivi vyote vikipimwa kwa em hukua na kupungua pamoja na maneno yanayohusika, hata kama kitufe kimoja ni kikubwa na kingine ni kidogo.

Kuna mtego wa pili wa kurithi ambao bado hujaukanyaga, nao ni wa kimo cha mstari. Ukiandika kwenye body, elementi inayobeba yote yanayoonekana kwenye ukurasa, kwamba kimo cha mstari ni 1.5em, kivinjari hukipiga hesabu hapo hapo, kikapata pikseli 24, na kinachorithiwa na watoto ni hizo 24 zenyewe. Kichwa cha habari chenye herufi za pikseli 32 kitapewa mistari ya pikseli 24, na kikifika mistari miwili, mikia ya herufi za juu itaingia vichwani mwa herufi za chini. Andika 1.5 tupu, bila kipimo chochote. Hapo kinachorithiwa ni ile mara moja na nusu, na kila elementi huizidisha kwa herufi zake yenyewe. Hapa ni miongoni mwa mahali pachache katika CSS ambapo namba iliyo uchi ni bora kuliko iliyovishwa.

SWALI: Mwenzangu kazini huanza kila kazi kwa kuipa html ukubwa wa asilimia 62.5, anasema hesabu inakuwa rahisi. Mimi naona ni ushirikina. Tuamulie.
— Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Si ushirikina, ni hila ya hesabu, na ina umri wake. Asilimia 62.5 ya 16 ni 10, kwa hiyo anayetaka 18 anaandika 1.8 bila kugusa kikokotoo. Mbunifu wa Uingereza, Richard Rutter, aliieleza mwaka 2004 kwa ajili ya em, rem ilipokuwa bado haijaingia kazini. Mwenzako ana haki katika jambo moja kubwa: asilimia huheshimu chaguo la msomaji. Aliyechagua 24 atapata mzizi wa 15, na aya ya 1.6rem itamrudishia 24 yake kamili. Kosa lingekuwa kuandika "font-size: 10px" kwenye html kwa kudhani ni kitu kilekile. Hapo rem zote za tovuti zinakuwa pikseli zilizovaa kanzu.

Lakini mimi siitumii, na nitakueleza sababu. Siku utakapochukua kalenda au kisanduku cha mazungumzo kilichoandikwa na mtu mwingine, yeye alihesabu kwamba 1rem ni 16. Kikiingia kwenye ukurasa wenu, herufi zake zitaanguka hadi 10, nanyi mtaanza kukiandikia marekebisho moja moja. Pili, ni lazima ukumbuke kuirudisha aya kwenye 1.6rem, ukisahau elementi moja, inabaki kwenye 10. Kugawanya kwa 16 si kazi ya kumchosha mtu mzima, na namba zinazotumika kila siku hazizidi sita au saba.

SWALI: Nimetoka kwenye uchapaji wa vitabu na nimezoea pointi. Je, naweza kuandika pointi 12 kwenye tovuti?
— Mchapaji, Zanzibar

JIBU: Kivinjari kitakuelewa: pointi ni sehemu moja ya 72 ya inchi, kwa hiyo pointi 12 ni sawasawa na pikseli 16. Ila ina ugumu uleule wa pikseli wa kutomsikiliza msomaji. Iweke kwenye mitindo ya kuchapisha ukurasa kwenye karatasi, ile inayoanza na "@media print", ambako inchi ni inchi kweli. Kwenye kioo, pumzika nayo.

SWALI: Tunatengeneza tovuti ya habari. Mhariri anataka vichwa vya habari vitanuke kadiri kioo kinavyotanuka, nami nimeviwekea 5vw. Kwenye simu vinapendeza, kwenye kompyuta kubwa vinatisha, na mkaguzi mmoja wa ufikivu ametuandikia kwamba "havikuziki". Amemaanisha nini?
— Mbunifu, Nairobi

JIBU: Amemaanisha kwamba msomaji anabonyeza kukuza, na kichwa hakiendi popote. Fuata hesabu. Vw moja ni asilimia moja ya upana wa dirisha la kivinjari. Kwenye dirisha la pikseli 1280, 5vw ni pikseli 64. Msomaji akikuza hadi asilimia 200, kivinjari hufanya hivyo kwa kuihesabu kila pikseli kuwa mbili, maana yake dirisha lilelile sasa lina upana wa pikseli 640. Asilimia tano ya 640 ni 32, na 32 zilizokuzwa mara mbili ni 64. Aya zimekua, picha zimekua, kichwa kimekaa palepale kama mlingoti. Sharti la asilimia 200 nililolitaja hapo mwanzo limevunjwa, na safari hii ukuzaji wa kivinjari hauwezi kukuokoa.

Kutisha kwake kwenye kompyuta kubwa nako kunatoka hapo hapo: 5vw kwenye simu ya 360 ni pikseli 18, na kwenye kioo cha 1920 ni 96. Hakuna kitu kinachoizuia.

Suluhisho ni kuichanganya vw na rem na kuifungia mipaka miwili, kazi ambayo hufanywa na "clamp". Andika hivi: clamp(1.5rem, 1.2rem + 1.5vw, 2.5rem). Namba ya kwanza ni sakafu, ya mwisho ni dari, ya katikati ndiyo inayotembea. Kwenye simu ya 360 utapata pikseli 24.6, kwenye kompyuta mpakato ya 1280 utapata 38.4, na kwenye kioo cha 1920 hesabu ingefika 48 lakini dari inaizuia kwenye 40.

Je, kinakuzika? Hapa naomba uvumilivu, kwa sababu wengi huweka rem kidogo katikati wakadhani wamemaliza. Rudi kwenye dirisha la 1280 na ukuze hadi asilimia 200. Upana unakuwa 640, sehemu ya rem inabaki 19.2, sehemu ya vw inashuka hadi 9.6, jumla 28.8, mara mbili yake ni 57.6. Kichwa kimekua kutoka 38.4 hadi 57.6, yaani mara moja na nusu tu, ingawa msomaji aliomba mara mbili. Atakapofika asilimia 300 ndipo kitakuwa 76.8, ambayo ni mara mbili kamili. Kwa hiyo anafika, ila anachelewa, na kadiri fungu la vw linavyokuwa kubwa ndivyo anavyochelewa zaidi. Kanuni ninayoitumia hutoka kwenye hesabu nyepesi: Chrome hukuza hadi asilimia 500, na kwa ukuzaji huo kichwa hakiwezi kuwa kidogo kuliko sakafu yake mara tano, basi ukihakikisha kwamba dari haizidi mara mbili na nusu ya sakafu, sakafu mara tano itafikia angalau dari mara mbili, na hakuna dirisha ambalo msomaji atashindwa kabisa kukipata kichwa maradufu. Katika mfano wangu, 2.5 kwa 1.5 haifiki hata mara mbili, tuko salama. Aya za habari zenyewe zisiguswe na vw hata kidogo. Aya hazina haja ya kupendeza. Zina haja ya kusomeka.

Nikuongezee la Kiswahili, kwa sababu vielelezo vingi tunavyonakili viliandikwa kwa ajili ya lugha zenye maneno mafupi. Toleo la 2.1 la WCAG, la mwaka 2018, linataka ukurasa uweze kusomwa kwenye upana wa pikseli 320 bila msomaji kulazimika kuusukuma kulia na kushoto. Kadiria kwamba herufi moja huchukua nusu ya ukubwa wake kwa upana. Kichwa cha pikseli 40 kitabeba herufi 16 kwenye mstari wa upana huo, kabla hata hujaondoa nafasi za pembeni. "Wanaoshughulikia" ina herufi 16. "Hawatashughulikiwa" ina 18, na kwetu hilo ni neno moja lisilo na pa kukatia. Litatokeza nje ya kioo na kuuburuta ukurasa mzima pamoja nalo. Sakafu ya 1.5rem uliyoiweka inasaidia hapa, kwa kuwa herufi za 24 zitalibeba neno hilo bila shida. Hata hivyo, weka pia "overflow-wrap: break-word" kwenye vichwa, ili kwa msomaji aliyechagua herufi kubwa sana neno livunjike kuliko kutoroka. Na usisahau kuandika lang="sw" kwenye html, jambo ambalo tovuti nyingi za Kiswahili hulisahau zikabaki na "en" ya kiolezo, na programu ya kumsomea asiyeona ikajaribu kumsomea Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza.

SWALI: Baada ya haya yote, je, niifute pikseli kabisa kwenye mafaili yangu?
— Fundi, Kampala

JIBU: Hapana. Kitu ambacho hakina sababu ya kukua pamoja na herufi kibaki kwenye pikseli: mstari mwembamba wa kutenganisha safu za jedwali, mzingo wa kitufe, kivuli. Ukiupima mstari huo kwa rem, msomaji wa 24 atapewa mstari mnene asiouomba.

Nafasi pana za pembeni mwa ukurasa nazo hazipendi rem kama wengi wanavyodhani. Msomaji aliyekuza herufi kwenye simu ana upungufu wa nafasi tayari, na ukimwongezea pambizo mara moja na nusu unamnyang'anya maneno mawili kila mstari. Hizo mimi huziacha kwenye pikseli au asilimia.

Mahali ambapo pikseli imezoeleka na ningependa uiondoe ni kwenye masharti ya upana, yale yanayoanza na "@media". Tuseme ukurasa wako unageuka kutoka safu moja kuwa safu tatu pale upana unapofika pikseli 768. Andika 48em badala yake. Kwa msomaji wa 16 ni kitu kilekile. Kwa msomaji wa 24, 48em ni pikseli 1152, kwa hiyo kwenye kompyuta yake ya 1024 ataendelea kupewa safu moja pana, na hilo ndilo analolihitaji, kwa sababu safu tatu zenye herufi zake kubwa zingemwachia maneno mawili au matatu kila mstari. Angalia tu kwamba em ya masharti haya hutazama ukubwa wa kivinjari, wala haitazami ulichokiandika kwenye html. Yule mwenzake ndugu wa Dar es Salaam, anayetumia asilimia 62.5, asije akahesabu kwa 10.

Ukimaliza, fungua mipangilio ya Chrome, chagua herufi kubwa sana, na upunguze dirisha hadi ukurasa ufikie upana wa simu. Tembea kurasa tatu: ya mwanzo, ile yenye fomu, na ile yenye jedwali. Jedwali ndilo litakalokusumbua, na tumelipangia barua za toleo lijalo.